Mfalme Joji ndani ya kitabu cha babu: je, Waanglikana wa Kongo ni kanisa la Waingereza?

*“Mwalimu, naomba msaada. Mimi ni kijana wa Kadutu, Mwanglikana tangu kuzaliwa. Mwezi jana tulikwenda kwa wakwe kule Ibanda kuzungumza mambo ya mahari. Wao ni Wakatolika wa siku nyingi. Kikao kilikwenda vizuri mpaka baba mdogo wa mchumba wangu aliposema kwamba kanisa letu ni la mfalme wa Uingereza, lilianzishwa ili mfalme apate kuoa mke mwingine, na kwamba sisi Waanglikana wa Kongo tunamtumikia mkoloni ambaye hata hakututawala. Watu walicheka, nami nikacheka, lakini iliniuma. Nyumbani nikafungua kitabu cha sala cha marehemu babu, aliyebatizwa Boga, kule Ituri, akaja Bukavu kutafuta kazi kabla ya uhuru. Kimeandikwa kwa Kinyoro, lugha ninayoisikia kidogo tu. Ukurasa wa kwanza pana neno London. Shangazi alinisomea sala moja ya kumwombea Mfalme Joji, na jina hilo la Joji limekatwa kwa wino. Je, baba mdogo alisema kweli? Na kwa kuwa bado nataka kumwoa binti yao, historia hii niifanye nini?”*

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilicheka kidogo, maana huyo baba mdogo namjua. Simjui kwa jina, namjua kwa aina yake. Kila kikao cha mahari hapa Bukavu kina baba mdogo mmoja ambaye kasiksi ikifika glasi ya tatu anageuka profesa wa historia. Usimchukie. Alichosema kina kweli ndani yake, ila ameikalisha kweli hiyo kwenye kiti kisicho chake.

Nikuambie pia mimi ni nani, ili usidhani natetea nyumba yangu. Nimefundisha historia ya kanisa kwa miaka mingi, lakini nilibatizwa Mkatolika, mtoto wa katekista. Kwa hiyo nikisema neno zuri juu ya Waanglikana au neno gumu juu ya sisi Wakatolika, hakuna aliyenituma.

Tuanze na mfalme na ndoa zake, maana hapo ndipo watu hupenda kuanzia. Mwaka 1534 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomtangaza Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza hapa duniani, badala ya Papa. Ugomvi ulitokana na ndoa, hilo ni kweli. Ila Henry hakuomba talaka. Alitaka Papa Clement VII atamke kwamba ndoa yake na Catherine wa Aragon haikuwa ndoa halali tangu siku ya kwanza, jambo ambalo wafalme wengine kabla yake waliliomba wakapewa. Bahati yake mbaya ni kwamba Catherine alikuwa mama mdogo wa Kaisari Charles V, na askari wa Charles walikuwa wameipora Roma mwaka 1527. Papa angewezaje kumfukuza mke ambaye jamaa yake ndiye mwenye majeshi mlangoni?

Lakini Ukristo wa Uingereza haukuzaliwa siku hiyo. Askofu Agostino, aliyetumwa na Papa Gregori Mkuu, alifika Canterbury mwaka 597. Na Henry mwenyewe alikufa bado anasomewa misa ya Kilatini. Kilichobadilika mikononi mwake kilikuwa utawala, wala si imani. Ibada na mafundisho tunayoyaita ya Kianglikana yalikuja chini ya mwanawe Edward VI, kwa kitabu cha sala cha mwaka 1549, yakafutwa na Malkia Mary, yakarudishwa na Elizabeth I mwaka 1559. Kitabu kile kilirekebishwa tena mwaka 1662, na hicho cha 1662 ndicho baba wa kitabu cha babu yako.

Niongeze jambo dogo ambalo unaweza kumpelekea baba mdogo kama zawadi. Papa Leo X ndiye aliyempa Henry VIII jina la heshima la Mtetezi wa Imani, mwaka 1521, kwa kuandika dhidi ya Luther. Papa huyohuyo, mwaka 1518, alikuwa amemteua Henrique, mwana wa Mfalme Afonso wa Kongo, kuwa askofu. Yaani Mkongo alishachaguliwa kuwa askofu miaka 16 kabla Waingereza hawajaachana na Roma. Kila ninaposikia watu wa huku wakibishana ni Mzungu gani aliyetuletea kanisa la kwanza, namkumbuka Henrique.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Baba mdogo anachanganya vitu viwili: kanisa lililotoka Uingereza, na kanisa la dola. Kanisa la dola ni kanisa ambalo sheria ya nchi imelifunga na serikali, kila kimoja kimemshika mwenzake mkono. Kule Uingereza fungo hilo lipo hadi leo. Mfalme ni Mtawala Mkuu wa Kanisa la Uingereza, maaskofu wake huteuliwa rasmi naye, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi, ambako hutungwa sheria za nchi nzima. Mfalme Charles III alipotawazwa mwezi Mei 2023, Askofu Mkuu wa Canterbury, mkubwa wa maaskofu wa kanisa hilo, ndiye aliyemvika taji. Lakini fungo hilo ni la sheria, na sheria hushika pale tu inapofika. Ndiyo maana ukitaka kujua kama Waanglikana wa mahali fulani walikuwa kanisa la mfalme, usitazame kitabu cha sala. Tafuta karatasi ya serikali, kisha uliza nani alikuwa akilipa mshahara wa padri.

Makoloni ya Amerika yanalionyesha hilo vizuri kuliko mahali pengine. Kule Virginia kanisa la Kianglikana lilikuwa la dola kwelikweli. Sheria iliwalazimisha wakazi wote, waumini wake na wasio wake, kumlipa padri wa parokia kwa zao lililokuwa fedha ya nchi hiyo, yaani ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Hebu mfikirie padri anayesubiri mvua kama mkulima, maana tumbaku ikishuka bei, mahubiri nayo yanashuka bei! Hata hivyo, kanisa hilo lenye kodi yake halikuwa na askofu hata mmoja ng'ambo ile ya bahari. Kijana akitaka upadri ilimbidi apande meli hadi Uingereza kuwekewa mikono, na wengine walifia njiani. Walowezi wengi waliona heri iwe hivyo, kwa kuwa askofu wa mfalme angekuja na mahakama zake na gharama zake.

Ndipo yakaja mapinduzi ya kujitenga na Uingereza. Tarehe 4 Julai 1776, wazee wa kanisa la Christ Church kule Philadelphia walikutana wakaamua kwamba sala za kumwombea Mfalme George zisisomwe tena. Kitabu chao kipo hadi leo, na mistari ya wino imepita juu ya jina la mfalme. Uliposema jina la Joji limekatwa katika kitabu cha babu, nilikiona kile cha Philadelphia mbele ya macho yangu. Tutalirudia.

Baada ya vita vile Waanglikana wa Marekani walibaki na swali kama lako: bila mfalme, sisi ni nani? Mapadri wa Connecticut wakamchagua Samuel Seabury, wakamtuma London awekwe wakfu kuwa askofu. Akakwama. Sheria ilimtaka aape utii kwa mfalme, naye alikuwa raia wa nchi iliyomkataa mfalme. Akapanda kaskazini hadi Aberdeen, Scotland, ambako maaskofu wenye imani ileile hawakuwa kanisa la dola, nao wakamwekea mikono tarehe 14 Novemba 1784. Tangu siku hiyo kuna Waanglikana duniani wasio na mfalme. Leo ni zaidi ya miaka 240.

Sitaki nikupe historia iliyooshwa. Upande mchafu upo, na wewe uujue kabla hajakuambia mwingine. Mwaka 1710 shirika la kimisionari la kanisa hilo lilirithi mashamba ya miwa ya Codrington kule Barbados, pamoja na watumwa waliokuwa wakiyalima. Kwa muda fulani watumwa wapya walichomwa kifuani kwa chuma cha moto, na alama iliyobaki ilikuwa jina la shirika. Utumwa ulipofutwa katika miaka ya 1830, fidia ililipwa kwa wenye watumwa, shirika hilo likiwemo. Watumwa wenyewe hawakupata kitu. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwaka 2006. Baba mdogo akijua haya atakuwa na silaha nzito kuliko ndoa za Henry, na ukiwa mkweli utainamisha kichwa kwanza.

Baada ya kupoteza Marekani, serikali ya London ilijaribu njia nyingine: sasa maaskofu wapelekwe, tena kwa hati ya kifalme. Charles Inglis alipewa Nova Scotia, Kanada ya leo, mwaka 1787, Thomas Middleton alipewa Calcutta kule India mwaka 1814, na dayosisi yake ilikuwa pana mno hata Australia ikaja kuhesabiwa ndani yake. Mfumo huo uliendelea mpaka ukavunjikia Afrika Kusini. Robert Gray, Askofu wa Cape Town kwa hati ya mfalme, alimvua uaskofu John Colenso wa Natal mwaka 1863 kwa sababu ya mafundisho yake juu ya Biblia. Colenso akakata rufaa kwenye baraza la Malkia kule London. Mwaka 1865 hukumu ikatoka: katika koloni lenye bunge lake, mfalme hana uwezo wa kumpa askofu mamlaka ya kisheria kwa hati tu. Hati ile aliyoitegemea Gray ilikuwa karatasi tu.

Soma tena hukumu hiyo, maana ndiyo inayojibu nusu ya swali lako. Mahakama ya Waingereza wenyewe ndiyo iliyotamka kwamba kanisa lao, likivuka bahari na kuingia koloni la namna hiyo, si kanisa la dola. Ni chama cha watu waliokubaliana wenyewe kwa wenyewe, kama kanisa lingine lolote. Miaka miwili baadaye, 1867, maaskofu 76 walikutana Lambeth, makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury kule London, kwa mara ya kwanza ili wajue watashikamana kwa kamba gani kama si kwa kamba ya mfalme. Jibu lao limekaa hivyo hadi sasa: mashauriano na heshima, bila amri. Huko kulikobaki sheria za zamani, zilifunguliwa moja moja: Jamaika mwaka 1870, Ireland 1871, India 1930. Barbados ilisubiri hadi 1969.

Na Afrika yetu ya mashariki na kati? Huku sheria ya kanisa la dola haikuwahi kufika. Walikuja watu wa mashirika, hasa CMS, shirika la kimisionari la Waanglikana wa Uingereza lililoundwa mwaka 1799, waliokula kwa michango ya waumini wa kwao na si kwa kodi. Mmoja wa viongozi wao, Henry Venn, alifundisha kwamba kanisa la mahali lijitawale, lijitegemee na lijieneze lenyewe, na mwaka 1864 Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyewahi kuwa mtumwa, akawa askofu. Ni kweli kwamba Wazungu waliofuata walimdharau na kumdhalilisha mzee huyo. Pasipo sheria, mazoea yanaweza kufanya kazi ileile.

Buganda ndiyo mfano wa mazoea hayo. Wamisionari wa CMS walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, wakafuata miaka miwili baadaye. Kufika mwaka 1892 waumini wa pande mbili walikuwa wakipigana kwa bunduki pale Mengo, na Kapteni Lugard, ofisa Mwingereza, akawapa Waprotestanti silaha. Unajua watu wa Buganda waliyaitaje makundi hayo? Waprotestanti waliitwa Waingereza, Wakatolika waliitwa Wafaransa. Waganda watupu, wa ukoo mmoja! Kwa hiyo mzaha wa baba mdogo una umri wa miaka zaidi ya 130, na ulipoanza ulikuwa unaua.

Kutoka Buganda hiyo ndiko alikotoka mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye jibu lako. Apolo Kivebulaya alibatizwa mwaka 1895. Alikuwa Mganda, mwalimu wa dini, hana cheo chochote cha serikali. Alipelekwa Toro, na mwishoni mwa 1896 akashuka ukingo wa bonde, akavuka mto Semliki, akapanda hadi Boga kwa chifu Tabaro. Hakuna Mzungu aliyeketi pale kumsimamia. Alifundisha kusoma, akalima chakula chake, akagombana na chifu juu ya pombe na wake wengi, na chifu akakataza watu wasimpe chakula. Kisha dada wa chifu akaangukia mkuki akafa, na Apolo akasingiziwa mauaji. Alipigwa, akapelekwa Fort Portal, akafungwa na Waingereza. Hebu liweke hilo vizuri kichwani: mwanzilishi wa kanisa lenu alilala katika gereza la hao Waingereza mnaoambiwa ni wenye kanisa. Alisimulia kwamba akiwa katika dhiki hiyo alimwona Kristo aking'aa kama jua, akamwambia asiogope. Alipoachiliwa alirudi Boga, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Mipaka ilipokuja kuchorwa na wakubwa wa Ulaya, Boga ikabaki upande wa Wabelgiji. Apolo alihitajiwa Toro kwa miaka mingi, lakini akarudi Boga, akaingia pia msituni kwa Wambuti, na alikufia Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika Mkristo kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kielekee magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ambako kazi ilikuwa bado. Kwa hiyo kitabu cha Kinyoro cha babu yako si ajabu hata kidogo. Kwa miongo mingi Boga iliabudu kwa lugha hiyo, ikihesabiwa chini ya dayosisi za Uganda, na vitabu vilichapishwa London kwa ajili ya watu wa Uganda. Vilivuka Semliki pamoja na chumvi na nguo. Sala ya mfalme ilikuwemo kwa kuwa ilikuwemo katika kitabu cha 1662, nacho kilitafsiriwa pamoja na kila kitu chake.

Sasa nikuulize: katika Kongo ya Wabelgiji, ni kanisa gani lililokaa karibu na Leta, yaani serikali? Hapa baba mdogo ameshika jiwe akiwa ndani ya nyumba ya vioo, nami nimo humohumo. Mkutano wa Berlin wa 1885 uliahidi uhuru kwa misheni zote. Lakini tarehe 26 Mei 1906 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji aliyeimiliki Kongo wakati huo, alifanya mkataba na Vatikani: kila kituo cha misheni ya Kikatoliki kipewe bure hekta 100 hadi 200 za ardhi, nacho kiendeshe shule, ambamo lugha za Ubelgiji zifundishwe. Kuanzia miaka ya 1920 ruzuku za shule zilikwenda kwa misheni zilizoitwa za kitaifa, maana yake za Wabelgiji, karibu zote za Kikatoliki. Waprotestanti hawakupata mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wengi wao walikuwa Waingereza, Wamarekani na Waswidi, na Leta haikusahau kwamba baadhi yao ndio waliopeleka Ulaya picha za mikono iliyokatwa wakati watu walipolazimishwa kuvuna mpira wa Leopold msituni. Kule Lubumbashi, enzi za Askofu de Hemptinne, ilikuwa vigumu kujua ofisi ya misheni inaishia wapi na ofisi ya Leta inaanzia wapi. Wanahistoria husema utatu: Leta, Misheni, Kampuni.

Katika karatasi, Kongo haikuwahi kuwa na kanisa la dola. Katika maisha ilikuwa nalo, na halikuwa lenu. Waanglikana wa Boga walikuwa kitongoji kidogo mpakani, wakiangaliwa na Wabelgiji kwa jicho la wasiwasi kama watu wa upande wa pili wa mto.

Hata hivyo nakusihi, usiende nalo hilo kwenye kikao kijacho kama rungu. Si haki. Kanisa lililopewa hekta na Leopold ndilo hilohilo lililompa Bukavu Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa pale Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996 kwa kuwa hakukubali kunyamaza. Na tarehe 29 Oktoba, mwaka 1885, ndiyo siku aliyouawa Askofu Mwanglikana James Hannington kule Busoga. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu tarehe hizo mbili bila kuongeza neno, na darasa likanyamaza.

Unaweza kujiuliza babu alipofika Bukavu alisali wapi. Kwa kifupi, kanisa lake halikuwepo. Misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimegawana nchi, na Mwanglikana aliyetoka Boga alitazamiwa kujiunga na Waprotestanti wa mahali alipohamia. Wengi walifanya hivyo, wakabaki na kitabu chao nyumbani. Mambo yalifunguka baada ya uhuru, na waliofungua ni walei kama babu yako, watu waliohamia mijini kutafuta kazi au kukimbia vita, wakaanza kukusanyika sebuleni. Mwisho wa 1971 sheria ya Mobutu ilitambua Wakatolika, Wakimbangu, yaani wafuasi wa nabii Simon Kimbangu, na muungano mmoja wa Waprotestanti, na Waanglikana wakawa jumuiya ndani ya muungano huo. Boga ikawa dayosisi mwaka 1972, Bukavu mwaka 1976 chini ya Askofu Bezaleri Ndahura, na mwaka 1992 Kongo ikawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake. Sinodi yenu inachagua maaskofu wenu. London haiulizwi. Mfalme Charles hana neno katika uchaguzi huo, na Askofu Mkuu wa Canterbury hawezi kumhamisha hata katekista wa Bagira. Mwezi Februari 2023, maaskofu wakuu kadhaa wa Afrika na Asia walitangaza waziwazi kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo kuwa kiongozi wa ushirika wao, baada ya sinodi ya Uingereza kukubali kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Ukubaliane nao au usikubaliane, mtumishi hamsemeshi bwana wake hivyo.

Turudi kwa Joji na wino. Ungependa nikuambie babu alikata jina kwa uchungu wa ukoloni, na hadithi ingekuwa tamu. Siwezi. Kuna njia tatu na zote zinawezekana. Ya kwanza ni ya kawaida mno: wafalme hufa. George V alikufa Januari 1936, George VI akafa Februari 1952, na hata kule Uingereza waumini walikata jina la marehemu kwa kalamu na kuandika la mrithi. Kwa hiyo tazama pembeni na juu ya mstari. Ukiona dalili ya Elizabeti, au ya Edwadi aliyetawala chini ya mwaka mmoja, swali limekwisha. Ya pili: babu, au mwalimu wake, aliona haifai kumwombea mfalme wa Waingereza katika ardhi ya Wabelgiji, akakata kwa hadhari. Ya tatu ni uhuru wa 1960. Rangi ya wino inaweza kusaidia, pia aina ya kalamu, kwa kuwa kalamu ya kuchovya huacha mkwaruzo wa ncha mbili kwenye karatasi na bolpeni huacha mfereji mmoja. Kipitishe kidole upande wa nyuma wa ukurasa. Halafu muulize shangazi kama babu alikuwa na wino nyumbani, wino wa chupa. Wazee hukumbuka chupa kuliko tarehe.

Kwa habari ya ndoa, hapo historia inaishia na ofisi inaanza. Ubatizo wako kwa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu unatambuliwa na Kanisa Katoliki. Asikudanganye mtu kwamba utabatizwa upya. Ndoa yenu ni ndoa ya mseto, nayo inahitaji ruhusa ya askofu Mkatolika, inayoombwa kupitia paroko wa mchumba wako. Yeye ndiye atakayeahidi kufanya awezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na wewe utajulishwa ahadi hiyo. Mzungumze jambo hilo ninyi wawili peke yenu kabla ya kuonana na paroko, maana ndilo linalovunja nyumba, wala si Henry VIII. Mkitaka kufunga ndoa katika kanisa lenu badala ya lake, kibali kingine kinahitajika, tena kinachukua muda. Mwende kwa paroko na kwa pasta wako miezi kadhaa kabla ya kupanga siku na kukodi sale ya harusi. Nimeona kadi za harusi zimeshachapishwa na kibali hakijatoka.

Utatakiwa kuleta cheti chako cha ubatizo, na hicho kiko parokiani kwako, hapa hapa mjini. Kuhusu ubatizo wa babu, usifunge safari ya Boga kwa ajili ya daftari. Usalama wa Irumu si wa kuchezea. Muone katibu wa dayosisi yenu, mpe jina la babu, la baba yake na mwaka wa kukisia, naye ataulizia kupitia wenzake. Na kitabu chenyewe usikifunge kwa plastiki wala kukibandika skochi kwenye mgongo; kifunge ndani ya kitambaa cha pamba kikavu, mbali na jiko. Siku utakayopita karibu na chuo kilete, tukipitishe kidole pamoja kwenye huo ukurasa wa Joji.